Tairi la kiangazi kwenye barabara ya masika

Agosti nikiwa mafunzo kwa vitendo, nilisimama mbele ya kidato cha pili kufundisha msuguano. Mada naipenda, na siku hiyo nilijiandaa vizuri kabisa. Nikaandika ubaoni kwamba kani ya msuguano ni namba ya msuguano mara uzito unaokandamiza, halafu nikasisitiza kama nilivyosisitiziwa mimi: eneo la mguso halihusiki. Tofali lilaze ubavu au lisimamishe wima, kulivuta ni kulekule. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama eneo halihusiki, mbona magari ya mashindano yana matairi mapana?"

Nikampa jibu la aibu. Nikamwambia hilo utalikuta mbele ya safari, kidato cha tano huko. Darasa likacheka, kengele ikagonga, nikakusanya chaki zangu.

Kilichoniuma ni kwamba swali lile nilikuwa nimeshalilipia nauli. Miezi mitano kabla, mwezi Machi, nilikuwa kiti cha mbele kwenye Altezza ya kaka yangu, Mama yuko nyuma na dishi lake la mchele, tunatoka Dar kuja Iringa. Tulishaipita Mikumi, tunakaribia Ruaha Mbuyuni. Mvua ilikuwa kubwa lakini ilishaanza kupungua, barabara imenyooka, braza yuko kwenye 95 hivi. Nikasikia injini imepiga kelele kama mtu aliyekanyaga mafuta huku gia iko huru. Mshale wa mizunguko ukaruka kutoka 3 kwenda karibu na 5, lakini gari halikuongeza mwendo. Braza akashtuka, akaachia mafuta yote kwa mkupuo. Makalio ya gari yakaja mbele. Tulizunguka mara moja na nusu, tukaingia majanini kinyumenyume, tukasimama tunatazama tulikotoka. Lori la mafuta lililokuwa linakuja upande wa pili likatupita sekunde chache baadaye, honi imebanwa mpaka linapotea.

Hakuna aliyeumia. Mchele ulimwagika. Mama hakusema neno hadi Ilula, na alipofungua mdomo alisema jambo moja tu: "Hayo matairi yatoke kwenye hilo gari."

Mama hajui Fizikia, lakini alikuwa sahihi, na mimi ninayesomea kuifundisha ilinichukua miezi kuelewa kwa nini. Najua chuoni wenye gari ni wa kuhesabu. Lakini wenye ndoto ya Subaru ni wengi, wenye kaka, wajomba na washikaji wenye Subaru ni wengi zaidi, na sote tunapanda. Kwa hiyo naomba nifundishe kile kipindi tena, safari hii vizuri.

Tuanze na karatasi. Chukua gari la kilo 1,400 pamoja na watu wake. Upepo wa matairi ni 32, namba ambayo mafundi wanaitaja kila siku bila kusema ni psi, na maana yake ni kwamba kila sentimita mraba ya tairi inayogusa lami inabeba takribani kilo 2.25. Gawanya 1,400 kwa 2.25. Unapata sentimita mraba 622. Sasa pima karatasi ya A4, hiyohiyo ya majibu ya mtihani: sentimita 21 kwa 29.7, yaani karibu 624. Gari zima na waliomo, na Mama na mchele wake, vimeshikwa na dunia kwa eneo la karatasi moja ya A4. Kila tairi lina robo yake. Kufunga breki, kukata kona, kupanda Kitonga, yote yanafanyika ndani ya hiyo karatasi.

Angalia tena hesabu hiyo. Upana wa tairi haumo. Ukivaa tairi pana na upepo ukawa uleule, eneo linabaki karibu lilelile, linabadilika umbo tu. Tairi jembamba lina mguso mrefu kuelekea mbele, pana lina mguso mfupi uliotanuka kwenda pembeni. Hii ndiyo sehemu ambayo sikuwa naijua nilipomjibu yule kijana, na ndiyo iliyotuzungusha.

Kwenye lami kavu umbo lile pana ni zuri kweli. Mpira si tofali. Tofali likigusa ubao linagusa kwa ncha chache ngumu, na ile sheria ya ubaoni inafanya kazi vizuri. Mpira unazama kwenye mashimo madogo ya kokoto za lami, unanata, unajivuta. Tena una tabia ya ajabu: ukiukandamiza zaidi unashika zaidi, ila si kwa kiwango uleule. Ongeza uzito mara mbili, mshiko haufiki mara mbili. Kwa hiyo ukitawanya uzito vizuri, hasa gari linapolala kwenye kona, unapata faida. Na tairi pana linabeba joto vizuri, ndiyo maana kiwanda kinaweza kulipaka mpira laini unaonata bila kuisha kwa siku moja. Jibu la yule kijana ni hilo: sheria haikudanganya, ila iliandikwa kwa vitu vigumu, na tairi si kitu kigumu.

Halafu inanyesha.

Mpira unashika lami kwa njia mbili. Ya kwanza ni kunata, mpira na jiwe vikigusana uso kwa uso. Ya pili ni ule mpira kujikunja kuzunguka kila kokoto na kuchelewa kurudi kwenye umbo lake. Maji yakiingia katikati, hata yale membamba kama jasho, kunata kunakufa karibu kote. Inabaki njia ya pili. Hapo ndipo aina ya mpira inapoanza kusema. Mwaka 1992 Michelin walianza kuuza matairi ambayo sehemu ya ule unga mweusi wa kaboni kwenye mpira ilibadilishwa na silika, kitu kile kile kinachopatikana kwenye mchanga, na leo karibu kila tairi zuri la barabarani lina silika ndani yake. Mpira huo unajikunja vizuri kwenye kokoto hata ukiwa umelowa na umepoa.

Lakini hiyo ni barabara iliyolowa tu. Maji yakisimama, habari inakuwa nyingine, kwa sababu kabla mpira haujakunja kokoto yoyote lazima yale maji yaondoke. Piga hesabu nyingine na mimi. Maji yana kina cha milimita 3, kina cha kawaida kabisa kwenye yale mabonde mawili ambayo malori yameyachimba kwenye barabara kuu kwa uzito wao. Gari linakwenda kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde. Tairi la upana wa milimita 235 linatakiwa kuondoa takribani lita 17.6 za maji kila sekunde. Ndoo ile kubwa ya bwenini, karibu ijae, kila sekunde, tairi moja. La milimita 195 linatakiwa kuondoa lita 14.6. Na kumbuka umbo: mguso wa lile pana ni mfupi, kama sentimita 6 na nusu, maji yana muda mdogo zaidi wa kutoka kabla hawajapitwa. Chukua sinia ulisukume kwenye maji likiwa limelala. Halafu chukua mtumbwi. Vyote vinaelea, lakini kimoja kinapasua na kingine kinapanda juu.

Ndiyo sababu tairi lina mifereji. Mifereji si urembo na wala haiongezi mshiko kwenye lami kavu. Inaupunguza. Kila mfereji ni mpira uliokosekana, na vipande vinavyobaki kati ya mifereji vinayumba kama jino linalotaka kutoka. Kwenye kavu tupu, tairi bora ni lisilo na mfereji hata mmoja. Formula 1 wanalijua hilo vizuri: toka 2009 matairi yao ya kavu ni kipara kabisa, sliki. Ikinyesha wanabadilisha. Wana tairi la kati na tairi la mvua kubwa, na kwa maelezo ya Pirelli wanaowatengenezea, la kati linaweza kutoa lita 30 za maji kwa sekunde gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa, na la mvua kubwa lita 85. Wanabadilisha kwa sekunde mbili na kidogo. Wewe hubadilishi. Ukitoka Dodoma jua kali, ukakuta mvua Gairo, tairi ni lilelile, na fundi yuko Morogoro.

Swali la tairi la gari lenye nguvu, basi, ni tairi gani linakubali kupoteza kidogo kwenye kavu ili lisikuue kwenye maji. Mimi nasema ni swali la maji tu. Tairi la kawaida kwenye lami kavu linakupa mshiko mwingi kuliko unaohitaji kwenda popote nchi hii kihalali. Anayeambiwa tairi lake la kavu limeshindwa, mara nyingi alikuwa anafanya mambo yake.

Sasa braza alikuwa amefanya nini? Altezza yake ilitoka Japani na 215/45 R17 magurudumu yote manne. Akaona nyuma panapwaya, hapajajaa. Akapata sehemu ya mtumba matairi mawili 235/40 R17, elfu themanini moja, yale ya mashindano yaliyoruhusiwa kutembea barabarani, ambayo vijana wa magari wanayaita semisliki. Yana mifereji michache, vipande vikubwa vya mpira, yakiwa mapya tu kina chake mara nyingi ni pungufu ya tairi la kawaida, ambalo likiwa jipya lina kama milimita 8. Yake hayakuwa mapya. Nilikuja kuyapima baadaye: milimita 2 na nusu. Maji yalikuwa na kina kuliko mfereji.

Basi hapo unaelewa ile kelele ya injini. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya nyuma yalipopanda juu ya maji hayakuwa na kitu cha kusukuma, yakazunguka bure, injini ikapanda. Braza alipoachia mafuta ghafla magurudumu yakakabwa na injini, wakati huohuo yakaanza kugusa lami nusunusu, moja kabla ya jingine. Ya mbele, yenye mifereji mizuri, yalikuwa bado yameshika. Gari lililoshikwa mbele na kuachiwa nyuma linazunguka, hakuna ufundi wa usukani hapo. Kama ingekuwa kinyume, ya mbele yakaelea na ya nyuma yakashika, tungeenda moja kwa moja bila kukata kona, nayo si nzuri, lakini ukipunguza mwendo taratibu usukani unarudi. Ndiyo maana ukiwa na hela ya matairi mawili tu, mapya yanakwenda nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele kama IST. Mafundi wengi watakubishia. Watakwambia mbele ndiko kuna usukani na breki. Sikiliza kwa heshima, halafu weka nyuma.

Na likikutokea gari kuelea, achia mafuta polepole kama unayeogopa kumwamsha mtu, usukani unyooke, breki iache kwanza. Kelele ya injini ikishuka yenyewe, umerudi.

Kuna kanuni moja niliipenda sana nilipoikuta, kwa sababu inaingia kwenye karatasi ya kidato cha pili. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, waliokuwa wanahangaika na ndege zinazoteleza kwenye viwanja vilivyolowa, walionesha kwamba mwendo ambao tairi linaanza kuelea unafuata upepo uliomo ndani yake. Ukiiweka kwa vipimo vyetu: tafuta kipeuo cha pili cha upepo kwa psi, zidisha kwa 16.7, unapata kilomita kwa saa. Upepo 36, kipeuo chake 6, gari linaelea kwenye 100. Upepo 25, kipeuo 5, linaelea kwenye 83. Hiyo ni kwa tairi kipara, au lile ambalo maji yamezidi kina cha mifereji yake, yaani letu siku ile. Tairi lenye mifereji mirefu linavumilia zaidi. Lakini angalia tofauti: kilomita 17 kwa saa zimepotea kwa sababu tu mtu hajajaza upepo mwezi mzima. Upepo ni bure au mia tano. Namba sahihi ya gari lako imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na inapimwa tairi likiwa limepoa, si baada ya kutoka safari. Usijaze kupita hapo ukidhani unanunua usalama, maana tairi lililovimba linadunda na ile karatasi ya A4 inapungua. Na fundi anayepima kwa kupiga teke, mwombe geji.

Ukienda kununua, usianze na jina wala na sura. Tairi limeandikwa lote, ni kama cheti, shida hatusomi. Kwenye 215/45 R17 87W, 215 ni upana kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, 17 ni inchi za rimu. 87 ni uzito, kilo 545 kwa tairi moja. W ni mwendo wa juu kabisa linaoruhusu, kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, T ni 190. Hutaendesha 270, ila usishuke chini ya herufi ya kiwanda kwenye gari lenye nguvu, kwa sababu herufi hiyo inahusu pia namna tairi linavyovumilia joto.

Halafu tafuta neno DOT, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mmoja wa tairi mara nyingine hauna hizo tarakimu, kwa hiyo inama uangalie upande wa pili, na muuzaji akikwambia hazipo popote, nenda duka jingine. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Unakuwa mgumu, na mpira mgumu haukunji kokoto, na kama ulivyoona, kwenye maji hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Ya braza yaliandikwa 1415. Tairi la 2015 lenye mifereji bado linaweza kukudanganya kwa macho. Bonyeza kwa ukucha. Likiwa kama soli ya kiatu cha shule, liache.

Yapo maandishi mengine madogo kwenye matairi mengi yanayouzwa Marekani, na mengi yanafika huku: TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi. Namba ya kwanza ni muda wa kudumu. Ikiwa 200 au chini, hilo ni tairi laini la mashindano, litanata kwenye kavu na litaisha haraka. 400 kwenda juu ni la safari. Namba hiyo anaiweka mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo usilinganishe sana kampuni na kampuni. TRACTION ndiyo ya kuangalia: AA ni ya juu, halafu A, B, C, na inapimwa kwa kufunga breki kwenye uso uliolowa. Ila inapimwa gari likiwa limenyooka na maji ni membamba. Haisemi chochote kuhusu kuelea. Semisliki inaweza kuandikwa A ikapita mtihani wake, halafu ikakuweka majanini Ruaha Mbuyuni. Ulaya nao wana lebo yao, herufi A mpaka E kwa breki kwenye maji, na ukiandika jina la tairi na saizi yake kwenye intaneti utaikuta hata kama tairi lenyewe limefika kwako bila karatasi.

Kipo kitu kingine kinachofika na magari ya Japani ambacho nilishangaa hakuna anayekizungumzia: matairi ya theluji. Ndiyo, huku kwetu. Gari likinunuliwa kule majira ya baridi linakuja na lilichovaa. Angalia ubavuni neno STUDLESS, au majina kama Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx, au alama ya mlima wenye kipande cha theluji ndani. Yana mifereji mingi na vikato vyembamba kama nywele, ukiyaona unasema haya ndiyo ya mvua. Siyo. Mpira wake umetengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7, na kwenye lami ya moto unakuwa kama bigijii; vipande vinalala, breki inakwenda mbali, iwe kavu au imelowa. Tairi la theluji ni tairi bora mahali pake. Mahali pake ni Hokkaido.

Unalolitaka kwenye Altezza au Impreza yako ya ndoto ni tairi la barabarani la gari lenye kasi, siyo la mashindano. Utalitambua kwa mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi lote bila kukatika, kwa sababu hiyo ndiyo mabomba makuu ya maji. Mengi ya haya hayafanani pande mbili: upande wa nje vipande ni vikubwa na vimeshikana, kwa ajili ya kona kavu, upande wa ndani mifereji ni mingi zaidi. Mtengenezaji ameyaweka masika na kiangazi kwenye tairi moja, bega kwa bega. Ndiyo maana limeandikwa OUTSIDE, na upande huo lazima utazame nje. Mengine yana mshale na neno ROTATION. Yale yana mifereji ya umbo la V inayosukuma maji kwenda pembeni, na ukiyafunga kinyume yanayavuta katikati. Nimeshaona Subaru hapa mjini, imeoshwa inang'aa, mishale miwili inaelekea nyuma. Mwenyewe nilipomwonesha alicheka akasema fundi alikuwa na haraka.

Kama ni Subaru inayovuta magurudumu manne, matairi yote manne yawe aina moja na yamechakaa sawa. Ukichanganya jipya na la zamani, vipenyo vinatofautiana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanazunguka kwa mwendo tofauti safari nzima, na difu ya kati inabeba ugomvi huo mpaka iungue. Hapo utakumbuka ulivyobana hela ya tairi.

Na kina. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira. Tairi likiisha mpaka kufika hapo limebakiza milimita 1.6, na nchi nyingi za Ulaya likifika hapo ni kosa kuliendesha. Mimi kwa mvua zetu naona 1.6 ni kuchelewa. Ikifika 3 anza kutafuta hela. Kupima huhitaji kifaa cha gereji. Chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, halafu ipime kwa rula yako ya hisabati. Pima sehemu tatu, ndani, kati na nje, maana ndani ndiko kunakoisha kimyakimya kama alaimenti imeharibika. Dakika tano, magurudumu manne. Nimefanya hivyo kwenye Noah tuliyokodi kwenda kwenye harusi ya mwenzetu mwezi uliopita. Dereva alinitazama kama mwehu. Ilikuwa 5, tukaenda.

Braza sasa ana 215/45 R17 nne zinazofanana, za wiki ya 30 mwaka 2023. Nyuma hapajajaa. Bado analalamika kwamba gari limepoteza sura, na Mama bado anakaa kiti cha nyuma ameshika mlango mvua ikianza hata kama ni manyunyu.

Lakini kuna jambo lililonifanya niandike haya sasa, mvua zikiwa zinakaribia, nisisubiri toleo lijalo. Yale mawili ya nyuma hakuyatupa. Kabla sijamaliza kusoma haya yote alikuwa ameshayauza hapahapa Iringa, laki moja yote mawili, kwa kijana mmoja ambaye hakumbuki jina lake ila anakumbuka kwamba alisema ni mwanachuo na gari ni la shemeji yake. Ni 235/40 R17. Ubavuni yameandikwa 1415, na moja lina kiraka cha pancha karibu na bega. Njiti itaingia milimita 2 na nusu, sasa hivi pengine 2. Kama ni wewe, au kama ni shemeji yako, mwambie ayatoe. Hela yake nitahakikisha braza anairudisha.